Nani Anabeba Muzigo? Juu ya Kitabu cha Che Guevara na Vita ya Fizi

Kitabu tunachotaka kuzungumuzia leo kinasema habari za nchi yetu, na watu wengi wa nchi yetu hawajakiona hata kwa macho. Ni kitabu cha Ernesto Guevara, yule anayeitwa Che, juu ya miezi saba aliyokaa katika milima ya Fizi mwaka wa 1965. Aliyaandika maneno yake Dar es Salaam, katika nyumba ya ubalozi wa Kuba, mara tu baada ya kushindwa. Maandiko yalifichwa zaidi ya miaka thelathini, na kitabu kizima kilitoka katika Kihispania mwaka wa 1999. Mimi nilikisoma katika Kifaransa, usiku nne, kisha nikakirudia.

Wengi wanakisoma juu ya siasa. Wanatafuta ndani yake maneno makali juu ya Laurent-Désiré Kabila, ambaye wakati ule alikuwa kijana na mukubwa wa upande huu wa ziwa, na ambaye mwaka wa 1997 alikuwa raisi. Hayo tunawaachia wenye kuyapenda. Sisi tunataka kukisoma kwa ulizo moja tu: katika habari hii, kuwa muzungu kulimupa mutu faida gani? Nasema faida ndogo ndogo za kila siku, zile ambazo mutu haziombi wala hazioni. Matusi na fimbo za zamani za Wabelgiji tunayajua, hata mutoto anaweza kuyaonyesha kwa kidole. Kuna kitu kingine ambacho hakina kelele. Kwa Kiswahili tunakiita upendeleo, lakini neno hili halitoshi, kwa maana upendeleo unataka awepo mutu anayependelea. Hapa mara nyingi hakuna anayefanya kwa kusudi. Kiti kimewekwa tayari tangu zamani, mugeni anafika, anakaa.

Tena nilichagua kitabu hiki si kwa bahati. Kuonyesha jambo hili kwa mutu aliyekuja kututawala ni kazi nyepesi. Guevara alikuja kupigana na utawala wa namna ile, aliacha cheo na nyumba na watoto wake, na hakuna anayeweza kusema alikuja kutafuta mali katika Fizi.

Kwanza habari yenyewe, kwa wasioijua. Tarehe 24 Aprili 1965 alivuka ziwa toka Kigoma, akafika Kibamba pamoja na Wakuba wa kwanza, watu kumi na watatu. Askari waliochaguliwa kwa kazi ile walikuwa karibu wote weusi, ili wasijulikane kati ya watu wetu. Walipewa majina ya hesabu katika Kiswahili. Víctor Dreke, kamanda mweusi, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Guevara aliitwa Tatu, na ilisemwa kwamba ni munganga na mufasiri wa Kifaransa. Mbele ya watu mukubwa alikuwa Moja. Kwa kweli mukubwa alikuwa Tatu. Sitasema kwamba hii ilitoka kwa ngozi yake. Guevara alikuwa amepigana vita na kuwa waziri, na Dreke alimutii kwa moyo wote. Lakini nadhani mwanakijiji wa Kibamba aliyemwona Moja mweusi akingojea neno la Tatu mweupe, hakushangaa hata kidogo. Mambo ya namna hiyo alikuwa ameyaona maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, nalo ni mizigo.

Kambi ya Wakuba ilikuwa juu mulimani, na vyakula na risasi vilifika chini, kando ya ziwa. Kupanda ni kazi ya saa nyingi, na wanaoijua milima yetu hawahitaji maelezo. Mara nyingi katika kitabu Guevara analalamika kwamba wapiganaji wa Kongo walikataa kubeba. Walipoombwa, walijibu kwamba wao si motokari. Baadaye, walipowaona Wakuba wanabeba magunia wenyewe, walijibu kwamba wao si Wakuba. Guevara anasikia katika jibu hili uvivu na ukosefu wa utii. Anaudhika, na hasira yake tunaielewa: askari anayekula lazima abebe anachokula. Sitawatetea wapiganaji wale katika yote. Wakulima wa Fizi walijua uzito wao, na kuku zao zilijua zaidi.

Lakini neno lile, motokari, mwandishi alilipita haraka sana. Angekaa nalo. Kwani ni nani katika nchi hii alifanywa motokari kabla motokari hazijafika? Katika siku za Leopold II watu walifungwa kamba wabebe. Katika vita ya 1914 hata 1918, majeshi ya Wabelgiji yalipokwenda kuteka Tabora mwaka wa 1916, wapagazi walichukuliwa kwa maelfu mengi katika vijiji vya mashariki, na wengi hawakurudi. Baadaye ilikuja sheria ya 1933, iliyomulazimisha mutu wa kijiji kufanya kazi za shurti hata siku 60 kwa mwaka. Na kipoyi je? Wazee wetu waliwabeba wazungu mabegani katika kipoyi, wakipanda na kushuka, huku wakiimba ili aliye juu asichoke na safari. Mutu wa miaka arobaini mwaka wa 1965 alikuwa amebeba yeye mwenyewe, ao alikuwa amemwona baba yake akibeba. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Mutu kama huyo akisimama mbele ya mugeni na kusema "mimi si motokari," anasema sentensi ya kwanza ya uhuru aliyojifunza. Inawezekana aliisema mahali pasipofaa, na kwa mutu asiyefaa kuambiwa hivyo. Walakini ilikuwa na baba na babu ndani yake. Guevara alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya ukoloni, na ukoloni uliposema naye kwa sauti, alifikiri anasikia mutu muvivu.

Hapo ndipo naona upendeleo. Yeye mwenyewe alibeba, hatukatai. Alipanda na pumu kifuani, na homa, na tumbo la kuhara. Lakini kubeba kwake hakukuwa na historia nyuma yake. Mugongo wake haukukumbuka kitu. Aliweza kuona gunia kuwa gunia tu. Tena muzungu akibeba, kubeba kwake kunaandikwa katika vitabu na kunaitwa sadaka. Mama wa kwetu akibeba, inaitwa siku ya soko.

Niseme jambo nililoliona mimi mwenyewe. Miaka kadhaa kabla Bibokoboko haijachomwa, mugeni mumoja mweupe wa shirika fulani alipanda toka Baraka kuja kwetu. Alikuwa kijana muzuri, mwenye adabu, na alikataa kabisa mutu amubebee mufuko wake. Njia nzima watu walimusifu. Alipofika juu, wazee walimupigia makofi, na mwenzake alimupiga picha na mufuko mugongoni, jasho likitiririka. Nyuma yake alifika baba yangu mudogo, na sanduku la dawa kichwani na mafuta ya mashini mukononi. Alitua muzigo, akaenda kukaa chini ya muti. Hakuna aliyempigia makofi, wala mimi. Mimi nilikuwa nimekimbia kumutafutia mugeni kiti. Siku ile sikuona kitu. Nilipofika kwenye ukurasa wa motokari ndipo nilipoikumbuka, nikaona haya.

Na kosa la kijana yule lilikuwa lipi? Hakuna. Alifanya vizuri kubeba mufuko wake. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema bila kumuonea mutu. Watu wengi wakisikia neno upendeleo wanafikiri unawashitaki, na wanaanza kujitetea kwa kuhesabu mema yao.

Guevara, nimusifu, hakujitetea. Maneno ya mwisho ya kitabu chake, pale anapojihukumu, ni mazuri kuliko kurasa zote zilizotangulia. Anakiri kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala vizuri. Na anatoa sababu ambayo kila museminari angeiandika ukutani: alijua Kifaransa. Kifaransa kilimutosha kusema na wakubwa, na kwa sababu hiyo kikamutenga na watu wadogo. Anasema tena kwamba tumbako hakuikosa sana na vitabu alikuwa navyo siku zote, na kwamba alikuwa akijitenga kwenda kusoma, akikimbia taabu za kila siku, na hivyo akawa mbali na askari wake. Viatu vilivyopasuka na nguo moja chafu havikumuumiza. Anajua kwamba umbali ulikuwa mahali pengine.

Hapa muchunguzi anaweza kuongeza neno. Kutojifunza luga ya wenyeji ni upendeleo mukubwa kuliko gari na nyumba ya matofali. Mutu wa Bibokoboko anayeshuka Baraka anajua Kibembe ao Kinyamulenge cha nyumbani, Kiswahili cha soko na cha kanisa, na akienda kwenye ofisi anatafuta Kifaransa, hata kama ni cha kuvunjika. Asipokipata, anaitwa mujinga. Mugeni anakaa kati yetu miaka mitatu, anajua "jambo" na "asante", na watu wanacheka kwa furaha: anajua Kiswahili! Sisi wenyewe tunamupa hizo alama. Nani aliwahi kumupigia makofi mwalimu wa kijiji kwa sababu anasema luga ine?

Kazi ya kumufundisha Tatu Kiswahili ilipewa kijana wa Kongo, Ilanga, ambaye hakuwa na miaka ishirini. Alikaa naye karibu wakati wote wa vita ile, akimufasiria. Vita ilipokwisha walimupeleka Kuba. Akasoma huko, akawa munganga, na alikufa mwaka wa 2005. Miaka mingi sana jamaa yake walifikiri amekufa. Mwaka wa 2009 palitoka sinema juu yake. Sisemi kwamba alitendewa ubaya. Alipata elimu ambayo Fizi isingemupa. Lakini pima mizani: mwanafunzi wa Kiswahili aliandika kitabu, na mwalimu wake hakurudi kijijini.

Kuna ukurasa mwingine ulionichekesha kwanza, kisha ukanikasirisha. Guevara anakutana katika Fizi na jenerali mumoja wa waasi, Moulana, aliyevaa kofia ya chuma ya mwenye pikipiki, na juu yake ngozi ya chui. Wakuba walimwita mwanaanga. Kweli, mutu akisoma anacheka. Lakini ngozi ya chui katika nchi hii ni alama ya ukubwa, ya zamani kuliko dola zote zilizopita hapa, na kofia ya chuma ni alama ya mambo mapya. Mutu yule alijaribu kuvaa yote mawili juu ya kichwa kimoja. Labda alikuwa mupiganaji mubaya. Hilo ni jambo lingine. Guevara naye alikuwa na kofia yake yenye nyota, inayochapwa leo kwenye mashati duniani kote, na hakuna anayeicheka. Anayeamua kofia ipi ni kichekesho, huyo ana nguvu, hata kama amelala kwenye majani.

Sasa nasikia ndugu mumoja anainua mukono. Anasema: wewe unasahau mwaka wa 1964. Hapa kwetu ngozi nyeupe ilileta kifo. Kweli, sijasahau. Tarehe 28 Novemba 1964, katika Baraka, waasi walimuua frere Vittorio Faccin na padri Luigi Carrara, aliyetoka kusikiliza maungamo. Na jioni ile ile, katika Fizi, padri Giovanni Didonè na abbé Albert Joubert. Wote wane walitangazwa wenye heri katika Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Siku ile ya 1964 weupe haukuwakinga watatu wale; uliwafanya waonekane toka mbali. Mwenye kusema kwamba muzungu anafaidika siku zote na mahali pote, hajui historia ya parokia zetu.

Lakini jibu halijaisha. Siku ine mbele ya kifo chao, tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville katika avioni za Amerika. Kwa nini? Kuwaokoa wazungu waliofungwa na Wasimba. Miezi mingi Wasimba walikuwa wameua watu weusi kwa maelfu, makarani, walimu, wakubwa wa serikali, na kwa ajili ya wale hakuna avioni iliyoruka toka Ulaya. Hatari ya kuuawa waliipata wote. Tumaini la kuokolewa lilikuwa na rangi.

Na hata katika kuhesabu wafu, tujisikilize wenyewe. Mara ngapi nimesikia katika mazungumuzo: "wamisionari watatu na abbé." Abbé Joubert alikuwa mukubwa wao kwa umri, alizaliwa mwaka wa 1908, na wale wengine walikuwa vijana wa miaka thelathini na kitu. Baba yake alikuwa Mufaransa, kapteni Joubert, mama yake mwanamuke wa Tanganika, Agnès Atakao. Ndiye aliyezaliwa katika nchi hii, na ndiye anayetajwa mwisho, kama mutu aliyeongezwa ili hesabu itimie. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Ulimi umezoea.

Mwaka wa 2021 dunia ilitupa mifano miwili. Tarehe 22 Februari, katika njia ya kaskazini ya Goma, aliuawa balozi wa Italia, Luca Attanasio, pamoja na mulinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Magazeti mengi ya Ulaya yaliandika: balozi na mulinzi wake na dereva. Wawili walikuwa na jina, wa tatu alikuwa na kazi. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule Bibokoboko ilichomwa, na watu wakashuka Baraka na watoto na magodoro. Mutafute katika magazeti hayo hayo.

Ni hivyo hata na vitabu. Vita ya Fizi ya 1965 ina vitabu viwili vinavyojulikana mbali. Kimoja ni hiki cha Guevara. Kingine kiliandikwa na Mike Hoare, kiongozi wa askari weupe wa kulipwa waliopigana upande wa serikali na kuteka Baraka. Kilitoka mwaka wa 1967. Pande mbili zilizochukiana kabisa, na kila upande una muzungu wa kuusimulia. Dreke, yule Moja, alitoa maneno yake katika kitabu cha mazungumuzo mwaka wa 2002, na ni wachache wanaokitaja. Mutu wa Fizi akitaka kujua babu yake alifanya nini mwaka ule, anamuuliza muzungu mumoja ao mwingine.

Usiku wa tarehe 20 Novemba 1965 Guevara na watu wake walingojea mashua kando ya ziwa, na alfajiri walivuka kwenda Kigoma. Nafasi ilikuwa ndogo. Wakongomani waliotaka kuondoka nao waliachwa pwani, na mwandishi anasema wazi kwamba walilia, na kwamba safari ile haikuwa na sifa. Ukurasa huu ni wa kweli kabisa, na ninamuheshimu kwa kuuandika. Hapa lazima tutofautishe: Wakuba weusi nao walipanda mashua. Basi usiku ule haikuwa ngozi iliyopima, ilikuwa nchi mutu anakotoka. Sawa. Lakini tazama namna faida hizi mbili zinavyotembea pamoja hata leo. Vita ikikaribia, boti ao avioni inakuja kuwachukua wageni. Dereva, mulinzi na mupishi wanabaki mulangoni na funguo mukononi.

Kitabu kipo katika Kifaransa na anayeweza akisome. Nashauri aanze na maneno ya mwisho, pale Tatu anapojihukumu juu ya Kiswahili na vitabu vyake, kisha arudi mwanzo, polepole, na kila mahali panapotajwa gunia aulize ni mugongo wa nani.